SAFARI NA WATOTO, SEHEMU YA 3: BAGAMOYO NA MAMA HALIMA

Wiki iliyopita niliwaacha Bunju, leo tuvuke Mto Mpiji tuingie Bagamoyo. Kutoka Dar ni kama kilomita 70 tu, hata mwenye mtoto anayenyonya anakwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Beba maji, kofia na pampasi za akiba.

Anzieni Kaole kabla jua halijawa kali. Kuna magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo ndefu. Hapa palikuwa bandari. Mchanga na tope vikajaa, mikoko ikaota, majahazi yakashindwa kusogea, watu wakahamia Bagamoyo. Mtoto akiiona ile mikoko anaelewa mwenyewe.

Mjini mtaambiwa maana ya jina. Wengine wanasema ni kilio cha watumwa waliokata tamaa, wengine wanasema ni wapagazi waliotua mizigo ya pembe na kupumzika. Mimi naegemea kwa wapagazi, ila watumwa nao walipita hapa, na walikuwemo watoto wa umri wa hao mliowashika mikono. Misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868 ilikuwa na kijiji cha waliokombolewa, na wengi wao walikuwa watoto.

Hapo misheni ndipo nataka mkae. Kuna mnara wa kanisa la zamani. Mwili wa Dkt. Livingstone ulifikishwa hapo Februari 1874. Alifariki tarehe 1 Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, leo ni Zambia. Watu wake wakaubeba mwili kwa miguu zaidi ya kilomita 1,600, karibu miezi tisa.

Shuleni tulitajiwa Chuma na Susi, basi. Mimi kama nesi namtafuta Farijala. Huyu aliwahi kumtumikia daktari Zanzibar, akawa ameona maiti inavyofunguliwa. Ndiye aliyempasua Livingstone, akatoa moyo na utumbo, vikazikwa palepale. Ndani alikuta bonge la damu iliyoganda, kubwa kama mkono wa mtu. Wakatia chumvi, wakaukausha mwili juani siku 14, wakauviringisha kwa kitambaa na gome la mti. Bila glavu, bila dawa yoyote ya kuhifadhi! Na kazi ilikuwa safi: London daktari aliweza kuutambua mwili kwa mfupa wa mkono wa kushoto uliovunjwa na simba zamani.

Halafu kuna Halima. Alikuwa mpishi wa Livingstone, na msafarani Livingstone alikuwa mtu wa kuugua mara kwa mara, kwa hiyo mnajua wenyewe kumpikia mgonjwa ni kazi gani. Mzungu aliyehariri shajara za Livingstone aliandika kwamba Halima aliufuata mwili mpaka Zanzibar, na kwamba utumishi wake wote ule haukulipwa chochote. Livingstone akazikwa Westminster Abbey Aprili 1874. Halima akabaki na miguu yake. Kwa hiyo mkifika pale mnarani, mkishamtaja Livingstone, mtajieni mtoto na jina la Halima. Maana msipomtaja ninyi, wengi hawamtaji.

Mchana nendeni mdomo wa Mto Ruvu, kaskazini ya mji. Zamani waliuita Kingani, na misafara ya bara ikitoka mjini huo ndio ulikuwa mto wa kwanza mkubwa kuuvuka. Ndio huohuo unaotuletea maji ya bomba Dar, yale unayomwogeshea mtoto asubuhi. Boti za kukodi zipo, lakini kila mtoto avae jaketi okozi kabla hajapanda, na mkono usichezee maji, viboko na mamba wapo kweli. Jioni mbu ni wengi, mvalisheni mikono mirefu.

Sehemu ya 4 tunakwenda Saadani kwa Bwana Heri. Mwenye swali la chanjo au homa aniulize hapa chini kama kawaida, nikitoka zamu ya usiku nitajibu.