Baki Linaloleta Usawa

Mvuvi wa kamba wa Mkokoni, ng'ambo ya kisiwa cha Kiwayu, amerithi kalenda tatu. Mwezi humjulisha lini bamvua na lini maji mafu. Mwaka wa Nairuzi, kalenda ya kale ya pwani, uliwaonyesha wazee lini upepo wa kusi utaupisha wa kaskazi. Kalenda ya ukutani humwambia lini shule zitafunguliwa. Kila moja ina namba yake, na namba hizo zina tabia tofauti.

Ya Nairuzi ndiyo nyepesi: siku 365, yaani miongo 36 ya siku kumi kumi na siku tano za ziada. Gawa kwa 7, hubaki 1. Siku ya Mwaka, ile ya kwanza, ikiwa Ijumaa mwaka huu, mwakani ni Jumamosi, na kwa miaka saba huwa imezuru juma zima. Ila wepesi huo una gharama. Karibu robo siku huachwa kila mwaka, na kwa karne moja mwaka huachana na jua kwa siku 24 hivi. Mwongo ambao babu aliungojea kaskazi haumfai tena mjukuu.

Kalenda ya ukutani, aliyoitangaza Papa Gregory XIII mwaka 1582, haina ufa huo. Duru yake ni miaka 400, siku 146,097, sawa na 3 × 3 × 3 × 7 × 773. Hiyo 7 iliingia kwa sadfa tu, lakini athari yake ni kubwa: duru hugawanyika kwa majuma kamili, kwa hiyo kila duru mpya huirudia iliyopita siku kwa siku. Katika miezi yake 4,800, tarehe 13 huangukia Ijumaa mara 688 na Jumamosi mara 684. Upendeleo huo haurekebishwi na duru inayofuata.

Wanafalaki wa Kiislamu nao waliihesabu kalenda ya mwezi, yaani Hijria, kwa duru ya miaka 30: 19 ya siku 354 na 11 ya siku 355. Jumla ni 10,631, namba tasa. Haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Hesabu hiyo huachana na mwezi wa angani kwa siku moja tu katika miaka 2,500 hivi. Ukiigawa kwa 7, hubaki 5, basi kila duru huanza siku nyingine ya juma mpaka zote saba zipate zamu, miaka 210 kwa jumla. Katika muda huo mosi Mfunguo Mosi, siku ya Idi, huangukia kila siku ya juma mara 30 kamili.

Ni kweli kwamba Waislamu wengi wa pwani hungoja mwezi uandame, hawafungui kwa hesabu hiyo. Ni kweli pia kwamba utasa si sharti la usawa huu. Yatosha namba isigawanyike kwa 7, kama 365. Hata hivyo, shuleni tumezoea kuliona baki kama takataka ya hesabu. Kalenda hizi zinatufunza kinyume: Nairuzi na Hijria hubakiza, na kwa baki hilo kila siku hupata fungu lake. Isiyobakiza ndiyo inayopendelea.