Lafudhi za Kiswahili Nchini Kenya: Sauti Iliyosahauliwa na Usanifishaji

Utangulizi

Historia ya Kiswahili nchini Kenya imezoeleka kusimuliwa kama historia ya sera na maandishi. Chiraghdin na Mnyampala (1977) walijishughulisha na asili ya lugha na lahaja zake, naye Mbaabu (1991) akafuatilia hatua za usanifishaji. Katika masimulizi ya aina hii msomaji hukutana na kamati, kamusi na tahajia. Ni nadra kukutana na sauti ya msemaji. Hata hivyo, katika nchi yenye lugha zaidi ya 40, sauti ndiyo humtambulisha msemaji kabla hajamaliza sentensi yake ya kwanza.

Lafudhi hapa haina maana moja na lahaja. Lahaja ina msamiati na sarufi yake. Lafudhi ni namna ya kutamka, iwe imetokana na mahali, tabaka au lugha ya kwanza ya msemaji. Makala haya yanadai kwamba usanifishaji uliamua jinsi Kiswahili kitakavyoandikwa lakini haukuamua jinsi kitakavyotamkwa. Nafasi iliyoachwa wazi ilijazwa na hukumu za kijamii, na hukumu hizo zimeingia katika fasihi na uhakiki bila kuhojiwa.

Kusanifisha Herufi

Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake iliyochapishwa mwaka 1882 ilitegemea kwa kiasi kikubwa Kimvita. Steere naye alifanya kazi yake Unguja, na kitabu chake cha sarufi na msamiati kilitoka mwaka 1870. Hivyo basi, mwishoni mwa karne ya 19 palikuwa na vituo viwili vya maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kirumi. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliupa ushindi Unguja, na Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Miongoni mwa majukumu yake ilikuwa kuidhinisha vitabu vya shule.

Ni muhimu kutazama ni kitu gani hasa kilichoidhinishwa. Kamati ilipitisha tahajia, maumbo ya maneno na msamiati. Haikupitisha sauti. Aidha, tahajia yenyewe iliziacha nje baadhi ya sauti ambazo kwa msemaji wa Kimvita hutenganisha maana. Kimvita hupambanua t ya meno na t ya ufizi. Kadhalika hupambanua konsonanti zenye mpumuo na zisizo na mpumuo: kaa wa baharini hutamkwa kwa mpumuo, kaa la moto hutamkwa bila mpumuo. Katika maandishi sanifu maneno hayo mawili hayatofautiani. W. E. Taylor, mmisionari aliyeitetea Kimvita, alikuwa ametumia alama maalumu ili kuzihifadhi tofauti za namna hii. Alama hizo hazikupata nafasi katika tahajia iliyokubaliwa.

Matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Mswahili wa Mombasa, mzawa wa lugha, aliambiwa shuleni kwamba mato ni macho, mtele ni mchele na ndia ni njia. Pale ambapo maneno yalilingana na ya kitabu, bado matamshi yake yalikuwa na tofauti ambazo kitabu hakikuzitambua. Kwa hiyo naye aligeuzwa kuwa mtu “mwenye lafudhi” katika lugha aliyoinyonya kwa mama yake.

Kwa mhakiki wa ushairi, jambo hili si la pembeni. Tungo za Muyaka bin Haji zilitungwa ili zisikike, na zilihifadhiwa kwa kumbukumbu za wenyeji kabla ya Mwalimu Sikujua kuzikusanya kwa ajili ya Taylor. Ubeti ambao kina chake ni -to kwa sababu mtunzi alitamka mato hauwezi kuandikwa macho pasi na kuvunja kina. Lafudhi na lahaja hapa si pambo la shairi bali ni sehemu ya arudhi yake. Abdilatif Abdalla alipochapisha Sauti ya Dhiki mwaka 1973 kwa Kimvita, alikuwa anaendeleza mapokeo ya mashairi ambayo sikio ndilo mwamuzi wake wa kwanza.

Lafudhi za Bara

Nje ya pwani, Kiswahili kilienea kwa njia nyingi: misafara ya biashara, jeshi, mashamba ya walowezi, reli, misheni na miji. Wengi waliojifunza hivyo hawakuwa na mwalimu mzawa wa pwani. Kila jamii ilikipokea kwa mfumo wake wa sauti, na mifumo hiyo ina kanuni. Kikuyu haina fonimu l, kwa hiyo lala huweza kusikika rara. Kikamba haina r, kwa hiyo rafiki huweza kusikika lafiki. Lugha hizi mbili ni majirani na ndugu wa karibu, lakini zinakivuta Kiswahili pande mbili zinazopingana. Dholuo haina sh, basi shule huelekea kuwa sule. Katika Lubukusu, b isiyotanguliwa na nazali haipo, basi baba huelekea kuwa papa.

Yanayoitwa “makosa ya matamshi” kwa hakika ni kumbukumbu ya kukutana kwa lugha. Msemaji hakosei ovyo. Anafuata sarufi ya sauti aliyokuwa nayo kabla ya Kiswahili. Ukweli huu haukupewa uzito shuleni. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye kutahiniwa, lakini mitihani ya kitaifa ilifanywa kwa kalamu. Mwanafunzi aliweza kuulizwa juu ya sauti za ufizi na za midomo, akajibu vyema, pasipo mtahini kumsikia akitamka hata neno moja. Kwa njia hiyo shule iliendeleza kazi ya Kamati: ilisanifisha maandishi na kuiacha sauti ihukumiwe uwanjani, kazini na jukwaani.

Jukwaa na Ukurasa

Uwanja ambapo hukumu hiyo ilisikika zaidi ni vichekesho vya redio na televisheni. Katika Vitimbi, Mzee Ojwang’ alijulikana kote nchini kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo. Mwigizaji wake, Benson Wanjau aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu. Mfano huu unafichua mambo mawili. Kwanza, lafudhi ni sanaa: inaweza kujifunzwa na kuvaliwa kama vazi, kwa hiyo haimo damuni. Pili, hadhira ilicheka kwa kuwa ilikuwa tayari na orodha ya lafudhi kichwani, na kila moja ilikuwa na kabila lake, tabia yake na cheo chake. Kicheko kinaweza kuwaleta watu pamoja. Kinaweza pia kumfundisha mtoto aonee haya sauti ya wazazi wake.

Katika maandishi suala hili ni gumu zaidi. Mwandishi anayetaka kuonyesha lafudhi hupotosha tahajia: mhusika mmoja huandikiwa sida, mwingine huandikiwa shida. Lakini mwandishi huyo naye ana lafudhi, na msimulizi wake pia. Kuandika sauti ya mpishi au bawabu kwa tahajia iliyopotoshwa, huku sauti ya mwalimu au wakili ikiandikwa sanifu, ni kudai kwamba baadhi ya watu husema bila lafudhi. Dai hilo halina msingi wa kihistoria, maana hapajawahi kuwa na matamshi sanifu yaliyokubaliwa nchini ambayo wengine wangepimwa kwayo. Ni uamuzi wa kitabaka uliovishwa joho la uhalisia.

Hitimisho

Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha rasmi mbili. Lugha iliyokabidhiwa mzigo huo ni ile inayotamkwa kwa namna nyingi, Mvita na Kitui, Kisumu na Bungoma. Mwalimu anayo haki ya kufundisha matamshi yanayoeleweka kwa wote. Hiyo ni kazi yake. Mhakiki ana kazi tofauti. Hana budi kuuliza, kila anapokutana na sauti iliyopotoshwa katika tamthilia au riwaya, ni nani ameandikiwa lafudhi, ni nani ameachiwa tahajia safi, na kwa nini. Bila swali hilo, uhakiki utaendelea kusoma kama kosa la mhusika jambo ambalo ni historia ya nchi nzima.