Tumbaku ya maua (Nengo, Gisenyi)

Tumbaku ya maua ni mimea ya jenasi Nicotiana inayopandwa kwa ajili ya maua na harufu yake, si majani ya kuvuta. Ni ya ukoo mmoja na kiazi, nyanya na pilipili. Jina la jenasi, lililotolewa na Linnaeus mwaka 1753, linamkumbuka Jean Nicot, balozi wa Ufaransa mjini Lisbon. Spishi nyingi asili yake ni Amerika. Afrika ina moja tu, N. africana ya Namibia.

Aina

N. alata hujikunja jua likiwaka na kufunguka jioni, ikitoa harufu tamu inayowaita nondo. N. sylvestris hufika mita moja na nusu, na maua yake meupe huning'inia kama mirija. Chotara N. × sanderae ina rangi nyingi na hukaa wazi mchana, ila harufu yake ni hafifu, na hiyo ni hasara kubwa.

Utunzaji

Mbegu ni laini kama ugoro. Zinyunyizwe juu ya udongo wa kitalu bila kufukiwa, kwani huhitaji mwanga ili ziote. Maji ya kopo huzisomba, hivyo chombo kiloweshwe kutokea chini. Miche huchomoza baada ya wiki mbili hivi. Udongo wa volkano wa Rubavu, wilaya ya Rwanda ulimo mji wa Gisenyi, una rutuba na haushiki maji, kwa hiyo samadi kidogo iliyooza yatosha. Miche ihamishwe mvua za Septemba zikianza, kwa nafasi ya sentimita 30 hadi 45, karibu na baraza ambako watu hukaa jioni. Maua yaliyonyauka yakatwe, la sivyo mmea hukimbilia mbegu. Ulaya baridi huuua kila mwaka. Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu, hakuna jalidi, na shina lililokatwa chini huweza kuchipua tena.

Magonjwa

Isipandwe kabisa karibu na viazi au nyanya, kwani huambukizana virusi vya batobato na vidukari. Kwa kuwa virusi hivyo huweza kutoka kwenye sigara, mvutaji anawe mikono kabla ya kuigusa. Majani yake hunata, na ni sumu kwa mbuzi.

Bustani za jirani

Mashuhuri ni ya Mugongo, ya Mmarekani Rosamond Carr (1912–2006), aliyelima pareto, kisha maua ya kuuza. Desemba 1994 alifungua hapo kituo cha yatima cha Imbabazi.