Siku Tatu Majini: Muhogo na Sumu Yake Kabla ya Kufika Kigali

Kuanzia Nyabugogo hadi Kimironko, ubugari wa unga wa muhogo na isombe ya majani yake ni chakula cha kila siku, na mlaji wa Kigali haulizi kama kuna sianidi sahanini mwake. Utulivu huo una historia, lakini historia yenyewe husimuliwa kinyumenyume: ati wakoloni walileta zao la kuwaokoa watu na njaa, wanasayansi wakagundua sumu yake, kisha maabara na viwanda vikaiondoa. Ninavyousoma ushahidi, waliotangulia kuiondoa ni wanawake wa vijijini waliokuwa na maji, jua na siku za kungoja. Sayansi ilikuja nyuma yao kueleza kwa nini walifaulu. Na mara nyingi, pale siku hizo za kungoja zilipofupishwa, sumu ilirudi mezani.

Muhogo ni mgeni katika ukanda huu. Wareno waliutoa Brazil na kuufikisha pwani ya Kongo katika karne ya 16, ukasambaa bara polepole. Mjerumani Kandt alipoanzisha Kigali mwaka 1907, vilima vilivyouzunguka mji viliishi kwa maharage, mtama, ndizi na viazi vitamu. Njaa ya Rwakayihura ya 1928 na 1929 ndiyo iliyowasukuma watawala wa Kibelgiji kuukazania muhogo kama akiba ya lazima, kwa sababu mizizi yake hukaa ardhini muda mrefu na huvumilia ukame. Amri ya kupanda ilikuwa na viboko nyuma yake, na ndiyo maana wengi waliupokea kwa kinyongo. Hata hivyo haukuzuia Ruzagayura, njaa iliyoua watu wengi mno mwaka 1943 na 1944. Ulikuja kuwa chakula kikuu hasa Amayaga na Bugesera, nyanda za chini zenye joto, na kutoka huko ukauingia mji.

Amri ingeweza kumlazimisha mtu kupanda, lakini utayarishaji ulibaki kazi ya jikoni, na Ulaya haikuwa na la kumfundisha aliyeloweka. Ni kweli kwamba wakemia wa Kifaransa, Henry na Boutron-Charlard, walikuwa wameikuta asidi ya sianidi katika muhogo mchungu tangu 1836, na mwaka 1906 Guignard alionyesha kwamba karatasi yenye pikrati hugeuka kutoka manjano kuwa nyekundu ya matofali inapoguswa na mvuke wa sumu hiyo. Lakini kuitambua sumu ni jambo moja, kuitoa ni jingine. Muhogo hauhifadhi sianidi tupu. Huifunga ndani ya kiambata kiitwacho linamarini, na kimeng'enya cha kuifungua hukaa sehemu nyingine ya seli. Kipande kinapolowekwa siku tatu, seli hulainika na kupasuka, viwili hivyo hukutana, na sianidi inayotoka huyeyukia majini au hupaa hewani, kwa kuwa huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi tu. Kutwanga majani ya isombe kabla ya kuyachemsha hufanya kazi hiyo hiyo kwa haraka zaidi, na ni lazima iwe hivyo, maana majani huwa na sumu nyingi kuliko mizizi. Kinachosalia mwili huweza kukigeuza kuwa thiosianati isiyo kali, kwa kimeng'enya ambacho Konrad Lang alikieleza mwaka 1933, mradi chakula kiwe na protini zenye salfa. Hapo nadhani maharage ya Kinyarwanda yanastahili sifa ambayo hayapewi: si tajiri wa salfa kama samaki au nyama, lakini yamo chunguni karibu kila siku.

Mpinzani atauliza: kama maarifa hayo ya jikoni yalitosha, konzo ilitoka wapi? Swali ni zito. Ugonjwa huu hukakamaza miguu ghafla, hasa ya watoto na ya wanawake wa umri wa kuzaa, na ulemavu wake haupoi. Daktari Trolli aliueleza mwaka 1938 kutoka Kwango, Kongo, chini ya Wabelgiji wale wale walioitawala Rwanda, ingawa hakuna aliyeuhusisha kwa uhakika na muhogo hadi miaka ya 1980. Mwaka 1981, katika ukame wa Nampula, Msumbiji, zaidi ya watu 1,100 walipooza. Mwaka 1985 ukame wa Tarime, Tanzania, uliacha wagonjwa 39. Lakini tazama kilichotokea huko. Muhogo mchungu uliliwa kwa haraka kwa sababu kitu kingine hakikuwepo. Ukame nao huongeza sumu katika mizizi na kuondoa mboga za kusaidia mwili. Mfano wa Bandundu, Kongo, ndio unaonishawishi zaidi, kwa kuwa haukuhitaji ukame. Barabara ya lami ilipofika, wachuuzi wa Kinshasa walitaka muhogo mwingi upesi, na baadhi ya familia zikafupisha kuloweka kutoka siku tatu hadi moja. Desturi haikushindwa pale. Soko liliinunua kwa bei ndogo.

Wengine husema dawa ni mbegu tamu, au kiwanda. Mbegu tamu husaidia, ila ukame huweza kuipandisha sumu yake pia, na wakulima wengi huupenda muhogo mchungu kwa sababu wezi na wanyama wanauogopa. Isitoshe, magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia yamewalazimu Wanyarwanda kubadili mbegu mara kwa mara, na mkulima anayepokea pingili ngeni haujui uchungu wake kama alivyoujua wa zamani. Kiwanda cha Kinazi wilayani Ruhango, kilichofunguliwa mwaka 2012, kinaweza kupima na kudhibiti, nami sikidharau. Shida ni kwamba unga mwingi sokoni haupiti huko. Huja katika magunia yasiyoonyesha nani aliloweka wala kwa siku ngapi. Septemba 2017, magharibi mwa Uganda, watu 98 walipata sumu baada ya kula ubugari wa unga wenye wastani wa miligramu 88 za sianidi kwa kilo, ilhali kiwango cha kimataifa ni 10, na wawili wakafa. Unga ulionekana wa kawaida kabisa.

Kwa mnunuzi wa Kimironko mwenye gunia la aina hiyo, njia rahisi niijuayo ilitoka kwa Howard Bradbury wa Canberra, yule yule aliyeifanya karatasi ya pikrati kuwa kifaa cha kupimia muhogo vijijini. Unga huchanganywa na maji, hutandazwa juu ya mkeka au sinia kwa unene usiozidi sentimita moja, na kuachwa saa mbili juani au tano kivulini, kisha hupikwa siku hiyo hiyo.