Tangazo la kuuza gari lililotumika

Tangazo la kuuza gari lililotumika ni maelezo mafupi ambayo mwenye gari huyatoa ili kumpata mnunuzi. Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa (mkoa wa Kagera, Tanzania) ukamilifu wake una uzito wa pekee kutokana na umbali. Mtu wa Murongo, kwenye mpaka wa Uganda, akiitikia tangazo la gari lililoko Kayanga, hutumia nauli na siku nzima kwenda kuliona.

Yaliyomo katika tangazo

Tangazo zuri hutaja aina ya gari, mwaka lilipotengenezwa, ukubwa wa injini, aina ya mafuta na gia, kilomita lilizotembea, mahali lilipo na bei. Picha hupigwa mchana, zikionyesha pande zote, ndani na injini.

Kasoro nazo hutajwa. Barabara za vumbi na vilima huchosha shokapu, bushi na breki, na fundi wa mnunuzi huzikagua kwanza. Maneno "gari kali, bei poa" hayamwambii mnunuzi lolote. "Shokapu za mbele zinahitaji kubadilishwa, bei inazungumzika" humsaidia kupiga hesabu kabla ya kusafiri.

Kadi na umiliki

Kadi ya gari hutolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Magari mengine hupita mikononi mwa watu kadhaa bila jina kubadilishwa. Kwa hiyo tangazo hueleza kama kadi ina jina la muuzaji. Mnunuzi hulinganisha namba ya chasisi na kadi, na huangalia kama namba ya gari inadaiwa faini za barabarani. Asipobadilisha jina, aliyeandikwa kwenye kadi huendelea kutambuliwa kuwa mwenye gari.

Gari lenye namba za Uganda halilingani kwa bei na lililosajiliwa Tanzania, kwani ushuru wa forodha hulipwa kabla ya kusajiliwa nchini. Kuficha jambo hilo kunaweza kumfanya mnunuzi anyang'anywe gari.

Sheria

Kwa Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa (Sura 214), bidhaa inayouzwa kwa maelezo inapaswa kulingana na maelezo hayo. Chini ya Sheria ya Mikataba (Sura 345), aliyekubali mkataba kwa kudanganywa anaweza kuukataa. Kwa sababu hiyo mnunuzi hushauriwa kulitunza tangazo pamoja na mkataba wa mauziano.