Habari za Kurekebisha Magurudumu ya Nyuma ya Motokaa

Mafundi wetu wa magari wana neno moja, alaimenti, ambalo kwalo hutaja mambo mawili yaliyo mbalimbali: jinsi gurudumu linavyolala kwa ndani au kwa nje, na jinsi uso wake unavyoelekea njia. Kwa kazi ya kila siku neno hilo latosha. Kwa mwandishi wa historia halitoshi, maana mambo hayo mawili hayakupata dawa kwa wakati mmoja. Basi hapa nitaliita la kwanza mwinamo, na la pili mwelekeo.

Katika motokaa za zamani magurudumu mawili ya nyuma yalishikwa na mhimili mmoja mgumu, uliotoka upande hata upande. Mwinamo wake ulikuwa ule uliotoka nao kiwandani, wala fundi hakuwa na la kurekebisha. Kasoro yake yajulikana: gurudumu moja likipanda jiwe, mwenziwe naye hutaabika. Mwaka 1903 Edmund Rumpler, mhandisi mzaliwa wa Vienna, alipata hataza ya mhimili uliokatwa katikati, kila nusu ikicheza peke yake juu ya kiungo kilicho ubavuni mwa difu. Hans Ledwinka aliutumia katika Tatra 11 ya mwaka 1923, na katika miaka ya 1930 Ferdinand Porsche akauweka katika gari lililokuja kuitwa Volkswagen.

Gari hili la mwisho ndilo linalostahili kutazamwa polepole. Nyuma halikuwa na kamani za mabapa. Lilikuwa na nondo mbili za chuma zilizolazwa kukingama gari ndani ya bomba, nazo hufanya kazi kwa kusokoteka. Ncha ya ndani ya kila nondo ilichongwa meno 40, na ncha ya nje meno 44. Ncha ya nje ilishika bapa la chuma lililokwenda nyuma hadi kwenye gurudumu. Sasa, ukiigeuza ncha ya ndani jino moja, umeipeleka digrii 9. Ukilirudisha bapa jino moja kwenye ncha ya nje, umelipeleka kinyume digrii 8 na sehemu kidogo. Tofauti iliyobaki haifiki digrii 1. Kwa hila hiyo fundi asiye na chombo ila kipimo cha pembe aliweza kulipandisha au kulishusha gari kwa kadiri ndogo mno, na mwinamo wa gurudumu ukafuata. Mwelekeo nao haukusahauliwa: matundu ya bapa pale linapofungwa kwenye mhimili yalifanywa marefu, hata bolti zikilegezwa mhimili huweza kusogezwa mbele au nyuma kabla ya kukazwa tena. Sijui hesabu iliyo nzuri kuliko hii katika magari ya bei nafuu ya wakati ule.

Wala sifa za gari hilo hazikuwa za maneno matupu. Katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, yaliyoanzishwa mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, Volkswagen ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962, katika njia ambazo mvua ilizigeuza matope.

Lakini pembe iliyopimwa gereji ni pembe ya gari lililosimama. Nusu mhimili ina kiungo kimoja tu, kwa hiyo kila inapopanda au kushuka mwinamo hubadilika. Gari likiingia kona kwa kasi, barabara huisukuma tairi ya upande wa nje kuelekea chini ya gari. Msukumo huo, kwa kuwa kiungo kiko juu ya ardhi, huinua mwili wa gari. Mwili ukiinuka, gurudumu hujikunja kwa ndani na gari hushika matege. Tairi hupoteza mshiko, mkia hutoka nje ya njia, na mara nyingine gari hupinduka. Meno 40 na 44 hayana la kufanya hapo.

Jambo hili lilikuja kujadiliwa hadharani Marekani. Chevrolet ilitoa Corvair mwaka wa magari wa 1960, yenye injini nyuma na mhimili wa namna hiyohiyo. Wenye kiwanda walitegemea upepo wa matairi kulinda usalama: ratili 15 kwa inchi ya mraba mbele, na 26 nyuma. Mwenye gari aliyejaza yote sawasawa, kama alivyozoea, aliondoa kinga hiyo bila kujua. Kesi nyingi zilifika mahakamani, na mwaka 1965 Ralph Nader akaanza kitabu chake kwa habari za gari hilo. Mwaka 1972 serikali ya Marekani ilitoa taarifa kwamba Corvair za 1960 hadi 1963 hazikuwa mbaya kuliko magari mengine ya wakati wao yaliyolinganishwa nazo. Mimi naona hukumu hiyo ina upungufu, kwani miongoni mwa yale mengine ilikuwamo Volkswagen yenyewe, yenye kilema kilekile.

Dawa ya kwanza ilikuwa kamani ya kukingama chini ya mihimili, ili kuizuia isijikunje. Porsche iliiweka katika 356B Super 90 tangu 1960, Chevrolet katika Corvair ya 1964, na wafanya biashara wakaiuza kwa wenye Volkswagen waliotaka kuifunga wenyewe. Dawa iliyokata shina ilikuwa kuongeza kiungo cha pili karibu na gurudumu, na kulishika gurudumu kwa mkono wake mwenyewe. Corvair ilipata umbo hilo mwaka wa magari wa 1965. Volkswagen zilizouzwa Marekani zililipata zote mwaka wa magari wa 1969, huku matundu marefu ya mwelekeo yakibaki palepale.

Huko Ujerumani Volkswagen ya daraja la chini iliendelea na kiungo kimoja hadi gari la mwisho la umbo lile lilipotoka kiwanda cha Emden, Januari 1978.