Kutandua na Kutandika: Istilahi ya Viti vya Gari

Katika lugha ya Kiingereza liko neno moja, upholstery, ambalo kwalo hutajwa kwa jumla vitu vyote vinavyowekwa juu ya kiunzi cha kiti hata kikafaa kukaliwa kwa raha: springi au mikanda iliyokingamishwa chini, sponji au ujazo mwingine katikati, bitana, na juu ya yote ngozi au kitambaa kilichoshonwa kwa umbo la kiti chenyewe. Neno hilo hilo ni jina la ufundi wa kazi hiyo, na asili yake ni kitenzi chenye maana ya kushika na kudumisha, kwa kuwa watu waliokuwa na jina hilo katika London ya kale walikuwa mafundi na wachuuzi wa vyombo vikuukuu vya nyumbani, waliovitengeneza vikarudia hali ya kutumika.

Sisi katika mazungumzo ya kila siku hatukosi maneno mintarafu ya jambo hili, lakini kila moja linashika upande mmoja tu wa kitu na kuuacha mwingine. Mwenye gari humwendea fundi akasema anataka kubadilisha ngozi, na ngozi ni tabaka ya juu peke yake. Mwingine husema anataka kava mpya, ilhali kava huvalishwa juu ya kilichopo bila ya kukigusa. Na anayesema foronya ametaja kitu kinachovuliwa kikafuliwa kikarudishwa, hali ngozi ya kiti cha gari imefungwa kwa pete za waya na haitoki ila kwa koleo. Hitilafu hii si ya maneno matupu, maana fundi hutenda aliloambiwa, na aliyeomba ngozi hupewa ngozi, hata kama maradhi ya kiti chake yamo ndani ya sponji.

Neno linalostahiki kazi hii lilikuwako katika lugha yetu kabla ya motokaa ya kwanza kushushwa pwani, nalo ni matandiko. Atandikaye kitanda huweka godoro, shuka na mito. Atandikaye punda au farasi huweka pedi ya mgongoni, kiti cha kupandia na mshipi wa tumboni. Na katika hali zote mbili matandiko si kitanda wala si punda, wala si mtu aliyelala au aliyepanda, bali ni kila kilicho baina ya mwili na kile kinachoubeba. Hiyo ndiyo fasili kamili ya kitu tunachokitafutia jina. Kiunzi cha chuma cha kiti cha gari ni mbebaji, dereva ni mbebwa, na yaliyo baina yao, tangu springi hadi ngozi, ni matandiko. Fauka ya hayo, kitenzi tandika kina kinyume chake, tandua, ambacho kila mwanafunzi wa Kiswahili anakijua, na kazi ya fundi wa viti ina sehemu hizo mbili: kwanza kutandua, kisha kutandika.

Faida ya istilahi hii hudhihirika pale kiti kinapochakaa. Katika nchi zetu, ambako usukani uko kulia, kiti cha dereva huanza kuharibika kwenye ukingo wake wa kulia, kwa kuwa kila aingiapo na atokapo mwili wake huusugua ukingo huo. Kisha jua linalopenya kiooni hukausha ngozi, na jasho na mafuta ya mwili hulegeza rangi. Ngozi nyingi za magari ya siku hizi zimesindikwa kwa chumvi za kromiamu, njia iliyopewa hataza Marekani mwaka 1884, ingawa kabla ya hapo dunia ilitegemea magome ya miti, na magome ya mikoko ya Rufiji yalikatwa na kusafirishwa ng'ambo kwa kazi hiyo. Juu ya ngozi iliyokwisha kusindikwa hupakwa rangi, na juu ya rangi utando mwembamba wa kuilinda. Aghalabu mpasuko wa kwanza unaoonekana ni wa tabaka hizo mbili, na ngozi yenyewe ingali nzima.

Kwa kasoro ya namna hiyo hapana haja ya kutandua. Fundi husafisha mahali hapo mafuta yakaisha, hupiga msasa laini, hujaza nyufa kwa ute laini unaokauka bila ya kuwa mgumu, hupaka rangi kidogo kidogo mara kadhaa, na humalizia kwa utando wa kulinda. Ikiwa ngozi imechanika, huingiza kiraka cha kitambaa upande wa ndani, hukibandika kwa gundi isiyokakamaa, kisha hujaza na kupaka rangi kama kwanza. Kazi hii na iitwe kukarabati ngozi, kwa maana matandiko yamebaki mahali pake.

Lakini iwapo sponji imelala, au nyuzi za mshono zimeoza, au ngozi imekakamaa ikakatika katika nyama yake, ukarabati wa juu ni hasara. Sponji hii ni poliyurethani, iliyobuniwa na Otto Bayer wa Ujerumani na wenzake mwaka 1937, nayo imeshika nafasi iliyokuwa ya manyoya ya farasi katika viti vya Ulaya, na ya sufi na usumba katika mito na magodoro yetu; kila ujazo huchoka kwa miaka, na ngozi mpya iliyovutwa juu ya ujazo uliochoka haina cha kuishikilia, hivyo hufanya mikunjo, na mikunjo huwa nyufa.

Hapo ndipo fundi hutandua. Kwanza, kwa hadhari, hutenga betri na kungoja kabla ya kugusa nyaya zilizo chini ya kiti, kwani magari mengi yana mfuko wa hewa ubavuni mwa kiti. Kisha hukitoa kiti, hukata pete za waya, hufumua ngozi mshono kwa mshono na kuandika alama kwa chaki juu ya kila kipande, maana vipande hivyo vya zamani ndivyo vielelezo vya kukatia vipya. Fundi mjuzi hukata sehemu za kukalia katika ngozi ya mgongo, iliyo thabiti, na kuiepuka ile ya tumboni, ambayo hunyumbuka na kulegea. Akigeuza ngozi aliyoletewa, huona upande wa ndani nyuzinyuzi za mnyama. Akiona mfumo wa kitambaa, amejua kuwa ni ngozi ya bandia. Hushona kwa uzi wa nailoni au poliesta, isipokuwa mshono ulio mbele ya mfuko wa hewa, ambao kiwandani hushonwa kwa uzi uliokusudiwa kukatika, na ambao mtu asiye na uzi huo na maarifa yake hana idhini ya kuugusa, kwa sababu mshono uliokazwa mahali hapo waweza kuuzuia mfuko usitoke saa ya ajali. Mwisho hurekebisha sponji au kuibadilisha, na ndipo hutandika.

Huenda mtu akapinga kwamba matandiko yamekwisha kuwa ya kitandani. Jawabu ni kwamba yalikuwa ya punda vilevile, na hakuna aliyewahi kuyachanganya, kwa kuwa neno linalofuata hubainisha: matandiko ya kitanda, matandiko ya farasi, matandiko ya kiti. Kutokana na shina hilo tunapata utandikaji wa viti kuwa jina la ufundi, na mtandikaji kuwa jina la mwenye nao, yote kwa kanuni za lugha yenyewe. Na mwenye gari apate swali la kumwuliza fundi kabla ya kupatana bei: je, kiti hiki chahitaji kukarabatiwa ngozi, au chahitaji kutanduliwa? Fundi mwaminifu atakibonyeza kiti kwa kiganja, aitazame sponji ikirudi au isirudi, ndipo ajibu.